Makaa ya mawe yanatoka, nyuklia inaingia: mahali panachaguliwa namna gani?

Huko Marekani vituo vingi vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe vinazeeka na kufungwa. Sasa kuna mpango wa kuweka mitambo ya nyuklia pale pale ao karibu yake. Juu ya nini pale, na si mahali papya?

Makaa yakiwaka yanachemsha maji, mvuke unazungusha mashini, umeme unatoka. Nyuklia inafanya vilevile, ila moto wake unatoka katika kupasua atomi za uraniamu. Kwa hiyo kituo cha zamani kinaacha vitu vya maana: nguzo na nyaya kubwa za umeme, maji, barabara, na wafanyakazi wenye kujua kazi. Mwaka wa 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani ilisema kutumia vitu hivyo kunaweza kupunguza gharama ya kujenga kwa asilimia 15 hadi 35. Ilisema tena kwamba karibu asilimia 80 ya vituo ilivyochunguza vinaweza kufaa.

Lakini huo ni uchunguzi wa kwanza tu. Kisha kila mahali panapimwa peke yake. Je, ardhi inatetemeka? Sisi tulioona Nyiragongo kulipuka mwaka wa 2021, kisha mitetemeko ya Goma, tunaelewa swali hilo bila kufundishwa. Je, mafuriko yanafika? Watu wangapi wanakaa karibu? Maji yatatosha hata wakati wa kiangazi? Tena majivu ya makaa yanachafua udongo, na kusafisha kunaomba pesa.

Tuangalie mfano wa Kemmerer, muji mdogo wa jimbo la Wyoming. Kampuni TerraPower, ambayo Bill Gates ni mmoja wa waanzilishi wake, ililinganisha miji minne ya makaa: Kemmerer, Glenrock, Gillette na Rock Springs. Mwezi wa 11 mwaka wa 2021 ikachagua Kemmerer. Iliangalia hali ya ardhi, nyaya zilizopo, uwezekano wa kupata ruhusa ya serkali, na pia kama wakaaji wanakubali. Mtambo haujengwi ndani ya kituo cha makaa cha Naughton, bali karibu yake.

Shida ikaja kwa tarehe. Naughton ilipangwa kuacha makaa mwaka wa 2025, na nyuklia kuanza 2028. Lakini uraniamu ya namna ya pekee iliyohitajika ilitegemewa kutoka Urusi. Vita ya Ukraine ilipoanza, njia hiyo ikafungwa, tarehe ikasogezwa hadi 2030. Baadaye wenye Naughton wakapanga kuingiza gazi. Kampuni inasema mtambo utakuwa na kazi za kudumu karibu 250, lakini mfanyakazi aliyefungiwa mgodi hawezi kulisha watoto kwa kazi ya miaka mitano mbele.

Kwetu Kongo umeme unatoka karibu wote kwa maji, kama pale Ruzizi. Hata hivyo, kila mradi mukubwa ukiletwa, tuulize mambo yaleyale: ardhi ni salama? Wakaaji waliulizwa mbele? Na kati ya kazi ya zamani kuisha na ile mpya kuanza, watu watakula nini?