Maji ya Bomba: Ni Nani Aliyepima Leo?

Katika familia zetu nyingi maji ya mtoni huchemshwa, lakini ya bomba hunywewa vivi hivi. Mama husema, "Haya ni ya bomba," na maneno yamekwisha. Lakini bomba ni njia tu ya kupitishia maji. Kilichoingia kwenye chanzo, kwenye tangi au penye ufa wa bomba, hufika mpaka kikombe cha mtoto.

Hebu tuangalie yaliyotokea Kanada mwezi wa Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario. Mji ule ulikuwa na watu wapatao 5,000, na maji yao yalitoka katika visima vichache vilivyoendeshwa na ofisi ndogo ya hapo hapo. Kisima namba 5 kilikuwa kifupi, maji yake yakitoka mita 5 hadi 8 tu chini ya ardhi, na jirani palikuwa na shamba la ng'ombe. Mvua kubwa ikanyesha siku kadhaa mfululizo, ikazoa vijidudu vya samadi mpaka kisimani. Mwenye shamba hakuwa na kosa. Uchunguzi ulionyesha kwamba alitunza samadi yake kama inavyotakiwa.

Vijidudu vile ni aina ya E. coli iitwayo O157, ambayo hukaa tumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru. Kwa binadamu huleta kuhara damu, na kwa watoto wadogo na wazee yaweza kuharibu figo. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na 7 wakafa.

Je, hawakuwa na dawa? Walikuwa nayo. Walitakiwa kutia klorini ya kutosha hata, baada ya dakika 15, ibaki miligramu 0.5 katika kila lita, na kupima kila siku. Lakini watu walilalamikia ladha ya dawa, na wafanyakazi wenyewe waliamini kwamba maji yao ni safi. Waliyanywa bila klorini. Basi wakatia pungufu, na katika daftari wakaandika 0.5 au 0.75 bila kupima. Ukilitazama daftari, kila kitu sawa! Majibu ya maabara yalipofika tarehe 17 Mei yakionyesha uchafu, msimamizi aliyakalia. Watu wa afya walipouliza, waliambiwa maji ni salama. Tangazo la kuchemsha maji lilitoka tarehe 21 Mei, nalo lilitolewa na watu wa afya wenyewe. Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza uchunguzi, aliona kwamba kama klorini ingepimwa kweli kila siku kwenye kisima kile, madhara yangepungua sana.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu miradi yetu ya vijijini haina tofauti kubwa na ule. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, na miradi mingi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumia maji wenyewe. Fundi ni jirani yetu, mweka hazina tunasali naye. Kumwuliza swali huonekana kama kumshuku. Lakini swali lenyewe ni dogo: "Leo klorini imepimwa? Imeonyesha ngapi?"

Kipimo hicho si kigumu. Maji hutiwa katika kichupa, hutumbukizwa kidonge, na klorini ikiwapo maji hugeuka rangi ya waridi. Rangi hiyo hulinganishwa na kadi. Hata katika bomba la mwisho kabisa, kule bondeni, inafaa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kwa hiyo harufu kidogo ya dawa isikuudhi. Dawa nayo huhitaji muda wa kufanya kazi, kama nusu saa, na maji ya tope huila dawa kabla haijaua vijidudu. Ndiyo maana wakati wa masika, maji yanapogeuka rangi, kipimo cha jana hakitoshi. Tena unga wa klorini ukiachwa wazi au juani hupungua nguvu. Fundi aweza kupima vijiko vile vile na asipate kitu.

Hatari nyingine ni mgao. Maji yakikatika, bomba hubaki bila nguvu, na penye ufa huvuta maji machafu yaliyotuama nje. Yakirudi, yaache ya kwanza yatumike kufulia.

Nyumbani, maji usiyoyaamini yachemshe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wanaoishi milimani juu ya mita 2,000. Yahifadhi katika chombo chenye mfuniko na mdomo mwembamba, uyamimine. Mkono wa mtoto unaotumbukiza kikombe ndooni huharibu kazi yote ya fundi.

Neno moja kwa wasomaji wa pande za Meru: floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na kupindisha mifupa, haiuawi na klorini, na kuchemsha huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hilo huhitaji maabara, na pengine chanzo kingine.

Mtoto akihara damu, usimpe dawa ya kufunga tumbo. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na umpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Akikojoa kidogo mno, akipauka au akivimba uso, hata kama kuhara kumekoma, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi, na mweleze mganga ni maji gani mliyokunywa.