Magid Magid

Magid Magid (alizaliwa Burao, Somalia, 1989) ni mwanaharakati wa mazingira na mwanasiasa wa Uingereza mwenye asili ya Kisomali. Alikuwa rais wa chama cha wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Hull, kisha diwani na Meya Mkuu wa jiji la Sheffield. Kuanzia Julai 2019 hadi Januari 2020 alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya kupitia Chama cha Kijani, chama kinachotanguliza hifadhi ya mazingira katika sera zake.

Maisha ya awali

Burao ni mji wa kaskazini mwa Somalia, katika eneo linalojiita leo Somaliland. Mwaka 1988 ulishambuliwa kwa mabomu wakati wa vita baina ya serikali ya Siad Barre na wapiganaji wa SNM, na wakazi wengi walikimbilia Ethiopia. Magid alizaliwa mwaka uliofuata. Akiwa mtoto aliishi na mama yake na ndugu zake katika kambi ya wakimbizi nchini Ethiopia. Alipokuwa na umri wa miaka mitano familia ilihamia Sheffield, jiji la kaskazini mwa Uingereza lililojulikana tangu zamani kwa viwanda vya chuma. Alikulia katika mtaa wa Burngreave, unaokaliwa na wahamiaji wengi.

Siasa za wanafunzi

Katika Chuo Kikuu cha Hull alisoma zoolojia ya viumbe vya majini. Huko alichaguliwa kuwa rais wa chama cha wanafunzi. Katika vyuo vikuu vya Uingereza nafasi hiyo hupatikana kwa kura za wanafunzi wote, na mshindi huifanya kama kazi ya kulipwa. Kwa hiyo mgombea hujifunza mapema namna ya kufanya kampeni, kuongoza vikao na kusimamia fedha.

Mwaka 2014 alijiunga na Chama cha Kijani. Mwaka huohuo chama cha UKIP, kilichopinga uhamiaji na Umoja wa Ulaya, kilishika nafasi ya kwanza nchini katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Magid ameeleza kwamba kukua kwa siasa hizo ndiko kulikomsukuma kuingia chamani. Tangu hapo ametetea mazingira na haki za wahamiaji kama jambo moja.

Diwani wa Sheffield

Mei 2016 alichaguliwa kuwa diwani wa kata ya Broomhill and Sharrow Vale. Wakati huo Sheffield ilikuwa na mgogoro mkubwa wa miti. Kwa mkataba wa mwaka 2012 wa kutengeneza barabara, halmashauri iliipa kampuni binafsi kazi iliyojumuisha kukata maelfu ya miti ya kando ya barabara. Miti zaidi ya 5,000 ilikatwa, mingi ikiwa mizima, na wakazi waliojaribu kuizuia walikamatwa na polisi au kupelekwa mahakamani. Ukataji ulisitishwa Machi 2018. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2023 ulithibitisha makosa ya halmashauri, nayo ikaomba radhi. Mgogoro huo uliwaonyesha wakazi wengi kwamba mazingira ni suala la mlangoni mwao.

Meya Mkuu

Meya Mkuu wa Sheffield huchaguliwa na madiwani kwa mwaka mmoja. Huongoza vikao vya baraza na kuliwakilisha jiji katika sherehe, lakini hana mamlaka ya utendaji. Mei 2018 Magid alishika cheo hicho akiwa na umri wa miaka 28. Alikuwa meya mdogo kuliko wote waliomtangulia, Msomali wa kwanza, na wa kwanza kutoka Chama cha Kijani.

Kwa kuwa cheo hakikuwa na nguvu ya sheria, alikitumia kama jukwaa la kusemea. Picha yake rasmi, akiwa amechuchumaa juu ya ukingo wa ngazi na mkufu wa umeya shingoni, ilienea duniani. Alianzisha pia nafasi ya mshairi wa jiji. Julai 2018 alitangaza kumpiga marufuku Donald Trump kuingia Sheffield. Tangazo hilo lilikuwa la ishara tu, na wapo waliolaumu kwamba anakishushia cheo heshima yake.

Bunge la Ulaya

Katika Bunge la Uingereza kila jimbo hutoa mshindi mmoja, hivyo chama chenye kura zilizotawanyika hupata viti vichache. Chama cha Kijani kilikuwa na mbunge mmoja tu, Caroline Lucas, kati ya 650. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya uligawa viti kwa uwiano wa kura katika kila mkoa. Kwa sababu hiyo, Mei 2019 chama hichohicho kilipata viti 7 kati ya 73 vya nchi nzima. Kimoja kilikuwa cha Magid, katika mkoa wa Yorkshire and the Humber.

Bunge lilianza Strasbourg tarehe 2 Julai 2019. Magid alieleza kwamba siku hiyo ya kwanza mtu mmoja alimwambia atoke nje ya jengo. Tarehe 28 Novemba 2019 bunge hilo lilitangaza hali ya dharura ya tabianchi kwa kura 429 dhidi ya 225. Ubunge wake ulikoma tarehe 31 Januari 2020, Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya.

Baada ya ubunge

Mwaka 2020 alichapisha kitabu The Art of Disruption. Baadaye alianzisha Union of Justice, shirika la Ulaya linalounganisha haki ya tabianchi na vita dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Njia hii inaweza kulinganishwa na ile ya Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha upandaji miti mwaka 1977 na kuingia bungeni mwaka 2002, baada ya miaka 25. Magid alitoka udiwani hadi ubunge kwa miaka mitatu, lakini alikaa bungeni miezi saba tu.