Uzee si jina la ugonjwa

Mitaani kwetu, mzee akianza kuyumba, kusahau au kukataa chakula, jibu ni moja: "Uzee huo." Mimi naona neno hilo linawanyima wazee wetu tiba.

Wako madaktari waliosomea maradhi ya wazee, kama walivyo wa watoto. Mwaka 1935, Dkt. Marjory Warren alikabidhiwa wazee waliolazwa miaka katika hospitali ya West Middlesex, London. Aliwapima mmoja mmoja, akawafanyisha mazoezi, na wako walioinuka wakarudi makwao.

Daktari huyu hatazami kiungo kimoja. Huuliza mzee anatembeaje, anakula nini, ameanguka mara ngapi, anameza dawa zipi. Nimonia au maradhi ya mkojo huweza kumpata mzee bila homa, dalili ikawa kupayuka ghafla tu. Figo zikipungua nguvu, dawa nyingine hukawia mwilini. Ya presha au ya usingizi yaweza kumwangusha.

Kenya madaktari hawa ni wachache mno. Basi tufanye tunaloliweza: tia dawa zote za mzee katika mfuko mmoja, hata za mitishamba, umpelekee daktari, uulize ipi bado inahitajika. Usimwachishe dawa kwa rai yako. Na akibadilika ghafla, mpeleke hospitali siku iyo hiyo.

Mola ametuamrisha wema kwa wazazi. Kuwatafutia tiba ni katika wema huo.