Ajali Njiani: Usikubali Kumalizana Gizani

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu siku hizi tunamiliki pikipiki. Tumeinunua kwa jasho, tukikata mshahara kidogo kidogo na kupeana zamu katika chama cha akiba. Pikipiki hiyo ikigongwa, zimegongwa akiba za miaka. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya ajali ambayo kila upande unasema kosa ni la mwenzake.

Mwenzetu mmoja, mchumaji wa chai, alikuwa akirudi kwao Bugeshi, kule juu chini ya milima ya volkano, jirani na Kongo. Ilikuwa siku ya soko na mvua ilikuwa imenyesha. Nyuma amefunga magunia mawili ya viazi. Lori lililojaa viazi likatoka katika njia ya mashamba, likaingia barabarani, likamgonga ubavuni. Alinusurika na mchubuko wa goti, lakini uma wa mbele ulipinda na tangi likapasuka.

Dereva wa lori alishuka akisema: "Wewe ulikuwa mbio." Mwenzetu akajibu: "Wewe hukutazama." Kisha dereva akatoa faranga 20,000 akataka wamalizane hapo hapo. Gereji baadaye ilihesabu matengenezo kuwa 360,000! Angezipokea zile na kutia sahihi, madai yake yangekuwa hatarini.

Hakuzipokea. Aliwaita polisi. Lakini alifanya kosa moja: aliacha lori liondolewe kabla hajapiga picha. Polisi walipofika, kila mtu alieleza lake. Kilichomwokoa ni akina mama waliokuwa wakichagua viazi kando ya barabara. Waliona lori likitoka bila kusimama, na walikubali majina yao yaandikwe.

Kampuni ya bima ya lori ilikataa mara ya kwanza. Chama kikaandika barua, kikaambatisha taarifa ya polisi, ushahidi wa akina mama na hesabu ya gereji. Baada ya miezi mitano, bima ilikubali kulipa robo tatu, yaani faranga 270,000. Robo iliyobaki ilikuwa juu ya mwenzetu, kwa sababu ya yale magunia yaliyozidi uzito. Hakufurahi, nasi hatukufurahi. Lakini ni lazima tuseme ukweli: kosa linaweza kugawanywa, na mwenye kudai haki naye huchunguzwa.

Sheria inasemaje? Nchini Rwanda, tangu mwaka 1975, kila chombo cha moto lazima kiwe na bima ya kulipa hasara za watu wengine. Elewa vizuri neno hilo: watu wengine. Bima hiyo ndogo haitengenezi chombo chako mwenyewe. Basi ukiwa nayo peke yake, pesa za matengenezo utazipata kwa mwenye kosa na bima yake, na ni wewe unayetakiwa kuonyesha kosa lake. Bila ushahidi, umebaki na maneno matupu.

Kwa hiyo, ndugu, shikeni haya:

Kwanza, aliyeumia ashughulikiwe kabla ya chuma.

Pili, ita polisi, hata kama mwenzako anakusihi msiite.

Tatu, piga picha kabla vyombo havijaondolewa: alama za matairi, namba za gari, upana wa njia. Usipokuwa na simu ya picha, azima.

Nne, andika namba ya gari, jina la dereva, kampuni ya bima na namba ya hati yake. Andika majina na simu za walioona. Abiria wako ni shahidi, lakini mpita njia asiyekujua huaminiwa zaidi.

Tano, usitie sahihi karatasi usiyoweza kuisoma. Mwombe mwenzako akusomee.

Sita, ijulishe bima yako upesi, kwa maandishi. Mkataba huweka siku, na siku zikipita unapewa kisingizio.

Saba, usitengeneze kabla mkaguzi wa bima hajaona uharibifu. Tunza kila risiti, na uandike siku ulizokosa kufanya kazi.

Sisi wa mpakani tuna jambo jingine. Magari ya Kongo, Uganda na Tanzania hupita kwetu. Gari la nje likikugonga, uliza Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ilianza kazi mwaka 1987. Nakili namba yake. Kwa kadi hiyo, madai hufanywa katika nchi ilipotokea ajali, wala huna haja ya kumfuata mwenye gari hadi kwao.

Bima ikikataa, bado mahakama ipo. Anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuilipa. Hiyo ni kanuni ya zamani. Lakini kabla ya kwenda huko, njoo kwa mwakilishi wa chama mahali pako pa kazi ukiwa na karatasi zako zote. Barua ya mtu mmoja huwekwa chini ya meza. Barua ya chama hujibiwa.

Haba na haba ndiyo iliyonunua pikipiki ile. Karatasi moja moja ndiyo iliyoirudisha barabarani.

Umoja ni nguvu!