Kukomba Mti Bila Kuuona: Nani Alipe Siku za Kujifunza?



Mashine ya kukereza si ngeni kwa mafundi seremala. Mota huzungusha mti, fundi huegemeza patasi, na mti hugeuka mguu wa kitanda au nguzo ya ngazi. Kazi hiyo tumeifanya miaka mingi. Lakini karakana yetu hapa Kampala ilipopokea oda ya vyombo vya maua vya mvule, vyenye tumbo pana na mdomo mwembamba, tuliona wazi kwamba kukereza nje ni kazi moja na kukomba ndani ni kazi nyingine. Oda hiyo ilituletea ufundi mpya, na ikatuletea pia mgogoro wa mshahara.

Ugumu wa kazi

Kwanza, mti hushikwa upande mmoja tu na taya za mashine, kwa sababu upande wa pili ndio mlango wa chombo cha kukombea. Chombo chenye upana wa sentimita 20, kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilometa 38 kwa saa. Kikichomoka, ole wake aliyesimama mbele yake.

Pili, fundi haoni anapokata. Chuma huingia kwa mdomo mwembamba, na ncha yake hufanya kazi gizani. Hapo mkono na sikio ndiyo macho. Ukuta unapokonda sauti hubadilika, na mtetemo husikika kwenye mpini. Hata hivyo sikio peke yake halitoshi. Tulisimamisha mashine mara kwa mara na kupima ukuta kwa waya uliokunjwa. Kidole hakiingizwi ndani mashine ikizunguka, hata kwa nukta moja.

Tatu, kadiri ncha inavyokwenda mbali na kiegemeo, ndivyo mti unavyomshinda mtu nguvu. Ncha ikiwa sentimita 20 kupita kiegemeo, mzigo unaoangukia mpini ni mara nne ya ule wa sentimita 5. Kwa hiyo mpini huwa mrefu, na fundi huubana kwapani.

Tulianza kwa kutoboa tundu la katikati, tukiacha kitako kinene. Kisha tulikata kutoka katikati kuelekea nje, kidogo kidogo, tukimaliza sehemu ya juu kabla ya kushuka chini, ili unene wa chini uushikilie ukuta usitetemeke. Kila baada ya muda mfupi tulisimama na kumwaga takataka za mti, maana zikijaa ndani hukwamisha chuma.

Chombo cha kwanza kilitupotezea karibu siku nzima. Cha pili kilipasuka, kwa sababu ndani ya mti mlikuwa na ufa ambao kwa nje haukuonekana. Cha tatu kilisimama mezani, ukuta sawa pande zote, nasi tukakipitisha mkono kwa mkono.

Mgogoro

Sisi hulipwa kwa idadi ya vyombo. Kwa hesabu hiyo, siku ya kwanza ilikuwa karibu bure. Tena msimamizi alitaka bei ya mti uliopasuka ikatwe kwenye mshahara. Hatukugoma wala kutukanana naye. Tulimwita mjumbe wa chama, tukaweka mezani vile vipande viwili ili ufa uonekane.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara hukatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Kwa jirani zetu wa Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inazungumzia hasara iliyoletwa kwa makusudi. Ufa uliozaliwa na mti ni kosa la nani?

Baada ya mazungumzo tulikubaliana kwa maandishi: wiki mbili za kujifunza zilipwe kwa siku, mti uliopasuka usikatwe kwa mtu, na kila fundi apewe kinga ya uso na ya pua. Kinga ya pua si anasa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani.

Kwa wenzetu wote

Jambo hili si la maseremala peke yao. Mchuma chai anayepewa mashine ya kuchumia, au mshonaji anayehamishiwa cherehani mpya, naye atakutana nalo. Kabla hamjaanza kazi mpya ulizeni: siku za kujifunza zinalipwaje? Kikiharibika kitu, nani anabeba hasara? Kinga ziko wapi? Majibu yaandikwe, na nakala moja ibaki kwa mjumbe wenu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini koleo likivunjika kazini, mhunzi asilale njaa.