Mzazi na Mwalimu wa Chekechea: Mwaka wa Shule katika Nakivale (Makala ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza habari za mtoto nyumbani kwao kabla hajafikisha umri wa miaka mitatu, na jinsi masikio yake yanavyojaa lugha na macho yake yanavyojaa mambo kabla hajatiwa mikononi mwa mwalimu yeyote. Leo tunamfuata mtoto huyo hadi mlangoni mwa chekechea, na muradi wetu ni kuchunguza swali moja: akiisha kuvuka kizingiti hicho, kazi ya mzazi hukomea wapi, na kazi ya mwalimu huanzia wapi? Jibu letu, ambalo tutajitahidi kulithibitisha kwa mifano ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, ni kwamba mpaka wa namna hiyo haupo. Kwa kuwa katika mwaka mzima wa shule, tangu Februari hadi Desemba, kila mmoja wa hao wawili ameshika maarifa ambayo mwenziwe hana, na maarifa hayo yasipokutana, mwenye hasara ni mtoto.

Sheria ya Uganda yenyewe imeliweka jambo hili wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua chekechea kuwa daraja la kwanza la elimu, walakini haikuitia katika hazina ya Serikali: uendeshaji wake uliachiwa watu binafsi na jumuiya, na gharama zake zikawaangukia wazazi na walezi. Elimu ya msingi, ambayo tangu mwaka 1997 hutolewa na Serikali bila ada, humngoja mtoto afikishe miaka sita. Ama miaka mitatu inayotangulia, ambayo ndiyo miaka ya kufunguka kwa akili na kutengenea kwa tabia, imewekwa juu ya mabega ya waliomzaa au wanaomlea. Natija yake ni kwamba mzazi wa chekechea si mgeni anayekaribishwa shuleni kwa hisani ya mwalimu mkuu. Yeye ni mwenye dhamana ya shule ile, na mwalimu ni mtu aliyekabidhiwa amana; na mwenye amana hana budi kuuliza habari zake, kama ambavyo aliyekabidhiwa hana budi kuzitoa.

Makazi ya Nakivale yamo katika Isingiro, wilaya iliyokatwa kutoka Mbarara mwaka 2005, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na leo yamekuwa maskani ya watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Uhabeshi, Eritrea na kwingineko, waliogawanywa katika sehemu tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Hapo katika chumba kimoja cha chekechea aweza kuketi mtoto asemaye Kibembe kando ya mwenziwe asemaye Kisomali, nyuma yao Mrundi na Mnyabwisha, na mbele yao mtoto wa Kinyankole ambaye wazazi wake ni wenyeji wa Isingiro tangu mababu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao, hasa wale wa Kongo ya mashariki. Lakini mtoto wa miaka mitatu hajui lugha ya sokoni, hujua lugha ya mamaye.

Tumfikirie basi mwalimu wa darasa kama hilo, ambaye mara nyingi naye ni mkimbizi, anayefundisha kwa malipo madogo na kwa vifaa vichache kuliko malipo yake. Yumo mtoto aliyenyamaza tangu shule ifunguliwe. Je, kanyamaza kwa haya, au kwa kutoifahamu lugha, au kwa homa, au kwa sababu yale aliyoyaona njiani wakati wa kukimbia bado yangali moyoni mwake? Hakuna kitabu cha ualimu kinachoweza kumjibu mwalimu huyu, na chuo chochote alichosomea hakikumpa ufunguo wa kifua cha mtoto yule. Mwenye jibu ni mama, au shangazi, au nyanya aliyemleta. Na jibu hilo, ambalo pengine ni maneno machache yanayosemwa mlangoni asubuhi, lina thamani kuliko mwezi mzima wa kubahatisha.

Kwa hiyo mwezi wa Februari, shule zinapofunguliwa kwa muhula wa kwanza, usifanywe kuwa mwezi wa kuandika majina na kupokea michango tu. Siku ya kuandikishwa ndiyo siku ambayo mwalimu anapaswa kuuliza, kwa upole na kwa faragha: mtoto huitwaje nyumbani, hulala kwa lugha gani na huomba maji kwa lugha gani, anaishi na nani, maana katika makazi wapo watoto wengi wanaolelewa na wasio wazazi wao, ana maradhi gani, huogopa nini, na ni nani aliye na ruhusa ya kuja kumchukua. Hili la mwisho si dogo, kwani mahali ambapo watu huja na kuhama, mtoto asikabidhiwe kwa kila ajaye na tabasamu. Mzazi naye ana haki ya kuuliza siku hiyohiyo: mtoto wangu atakula nini, atakwenda wapi akitaka kujisaidia, atafundishwa nini, na akikosa ataonywa vipi.

Muhula huo ukiisha kupamba moto, mvua za Machi huingia, na hapo ndipo ushirikiano mwingi hufia. Isingiro ni nchi ya migomba, mahindi na maharage, na ng'ombe wanaotafuta malisho. Na mkimbizi aliyepewa kipande cha ardhi hujua kwamba mvua hizi, zinazokoma yapata Mei, zikimpita hapati nyingine mpaka za Septemba. Mama huondoka alfajiri na jembe, kaka mkubwa hubakishwa kuwa mlezi, na mtoto wa chekechea huonekana shuleni siku mbili katika wiki. Mwalimu asiyeijua kalenda ya shamba husema wazazi hawa hawajali elimu. Na mzazi asiyeambiwa lolote hudhani kwamba siku tatu za kukosa si kitu, maadamu mtoto anakwenda kucheza tu. Wote wawili wamekosea kwa kutozungumza. Mkutano wa wazazi ulioitishwa asubuhi ya siku ya kupanda, au siku ya mgao wa chakula au fedha, ni mkutano ulioitishwa ili usihudhuriwe. Ule ulioitishwa alasiri, kwa shauri la mwenyekiti wa kijiji, akiwapo mkalimani wa kila kundi la lugha na nafasi ya akina mama wanaonyonyesha, hujaa watu. Nao watu wakijaa, yawezekana kupanga zamu za kuwaleta watoto, ili jirani mmoja awaongoze wa nyumba kadhaa na wengine wapate kuwahi shambani.

Jambo la pili linaloshika roho ya chekechea ni uji. Tangu mwaka 2020 mgao wa Shirika la Chakula Duniani kwa wakimbizi walioko Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja, na mtoto aliyelala na njaa hawezi kuimba wala kuhesabu. Palipo na kamati ya wazazi yenye uaminifu, mmoja huleta unga, mwingine kuni, mwingine maji, na asiye na kitu huleta mikono yake akapika. Na sufuria hiyo moja huhudhurisha watoto shuleni kuliko hotuba nyingi. Lakini kamati hiyo sharti iwe na daftari linalosomwa mbele ya wote, kwa kuwa palipo mchango pasipo hesabu huzaliwa dhana mbaya, na dhana mbaya ikiingia katika shule ndogo huibomoa upesi kuliko upepo unavyobomoa turubai.

Ama ugomvi mkubwa kati ya wazazi na walimu, katika Nakivale kama katika Mbarara, ni juu ya mchezo. Mzazi aliyetoa fedha yake hutaka aone kalamu na daftari, na mtoto arudi nyumbani akisema maneno ya Kiingereza; akisikia kwamba kutwa nzima wamejenga kwa udongo na kuimba, huona ameibiwa. Katika mji wa Mbarara, ambao chekechea zake za binafsi hushindana kuvuta wateja, ushindani huo wenyewe huwasukuma walimu kuwaandikisha herufi watoto ambao vidole vyao havijakomaa kushika kalamu. Mwalimu asimkebehi mzazi kwa jambo hili, maana hamu yake ni hamu njema. Bali amwite aketi darasani asubuhi moja, aone kwa macho yake jinsi mtoto anayepanga vifuniko vya chupa kwa rangi anavyojifunza hesabu, jinsi anayefinyanga udongo anavyotayarisha vidole vyake kuandika, na jinsi anayesimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani anavyojenga msingi ambao Kiingereza kitakuja kusimama juu yake. Kisha amwombe alete kutoka nyumbani vile ambavyo duka halina: mbegu, mabua, magunzi, maganda makavu ya mgomba yanayosukwa kuwa mpira, na hadithi za bibi. Mzazi ambaye hadithi yake imesimuliwa darasani hatauliza tena kama pale pana elimu.

Na juu ya adhabu pia pawe na neno moja. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko katika shule za Uganda, lakini wapo wazazi wanaomwambia mwalimu kwa nia safi, "Mchape, nimekupa ruhusa." Ruhusa hiyo mzazi hana, na mwalimu hawezi kuipokea. Ni heri wote wawili wapatane njia moja ya kuonya, itumike shuleni na nyumbani, kuliko mtoto kulelewa kwa sheria mbili zinazopingana.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mageni, au kwamba yaweza kufanyika kwa matajiri peke yao. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeipa dunia jina la shule hizi mwaka 1840, aliwatungia akina mama kitabu cha nyimbo na michezo mwaka 1844, kwa kuwa alitambua kwamba mwalimu wa kwanza hakai shuleni. Na karibu nasi zaidi, katika Mombasa ya miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu walipoona watoto wao wanachelewa katika masomo, waliomba msaada kwa Aga Khan, na kutokana na ombi hilo, kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, zikaanzishwa chekechea za madrasa, ambazo mwaka 1990 zilivuka kwenda Zanzibar na mwaka 1993 zikafika Uganda. Siri ya shule hizo haikuwa fedha. Jumuiya yenyewe ilitoa mahali, ilichagua kamati yake, na ikawatoa wanawake wa mtaa wafunzwe ualimu. Vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vya mahali, na nyimbo na visa vya pwani vikaingia darasani pamoja na mafunzo ya dini. Wasomali wa Nakivale, ambao watoto wao huanzia kwa mwalimu wa Kurani, na Wakongo, ambao makanisa yao ndiyo aghalabu huwa darasa la kwanza, wana mfano wa kuufuata hapo bila ya kuvuka bahari.

Muhula wa tatu, uanzao Septemba, una kazi yake mahsusi, nayo ni kumtayarisha mtoto wa miaka mitano kwa darasa la kwanza. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali, lakini penye lugha nyingi kama Nakivale shule huishia katika Kiingereza, na mtoto aliyezoea nyimbo za Kiswahili hujikuta ghafla amegeuka bubu mbele ya darasa lililojaa pomoni. Yafaa mwalimu wa chekechea amwandikie mwenziwe wa shule ya msingi maneno machache kuhusu kila mtoto, na mzazi aipeleke karatasi hiyo kwa mkono wake, aijue njia, na amwonyeshe mtoto mlango mpya kabla ya Februari kufika.

Wala tusisahau funzo tulilopata kwa shida. Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya Korona. Madarasa mengine yalifunguliwa kwa zamu, lakini chekechea zilibaki zimefungwa hadi Januari 2022. Mtoto aliyekuwa na miaka minne siku ya kufungwa aliingia darasa la kwanza bila ya kumaliza chekechea, na katika muda huo wote mwalimu wake alikuwa ni nyumba yake. Walioendelea vizuri ni wale ambao nyumbani kwao palikuwa na mazungumzo, hadithi na mtu wa kujibu maswali. Na hayo hayahitaji ada.

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nasi twaongeza kwamba kazi hiyo haina mtu mmoja. Tunawanasihi walimu wa Nakivale na Mbarara wamwite mzazi kwa habari njema kabla ya kumwita kwa mashitaka, na tunawanasihi wazazi, ijapokuwa siku zao ni fupi na taabu zao ni nyingi, wasipitishe wiki bila ya kumuuliza mwalimu swali moja juu ya mtoto wao. Katika makala ijayo, inshallah, tutaeleza wajibu wa akina baba katika jambo hili, ambao mpaka leo wengi wao wamewaachia akina mama peke yao.