Yupo, Yuko, Yumo: Saa ya Mazoezi Inajuaje Mahali Tulipo?

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni saa na bangili za mazoezi zimeenea katika miji ya Afrika Mashariki. Mjini Kigali huonekana hasa katika Siku Bila Magari, utaratibu ulioanza mwaka 2016, ambapo baadhi ya barabara hufungwa asubuhi ya Jumapili zilizopangwa ili watu wakimbie, watembee au waendeshe baiskeli. Mtaa wa Biryogo, ulioko Wilaya ya Nyarugenge jirani na Nyamirambo, ulipiga hatua zaidi mwaka 2021, pale sehemu ya barabara zake ilipofungiwa magari, ikapakwa rangi na kuachiwa wapita njia pamoja na meza za chai na chakula.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaufahamu mtaa huu kwa sababu nyingine. Biryogo ni miongoni mwa mitaa ya Rwanda ambako Kiswahili kimetumika nyumbani, sokoni na msikitini kwa vizazi kadhaa, muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi saa ya mazoezi inavyotambua mahali alipo mvaaji, taarifa hizo zinakokwenda, na kwa nini mvaaji wa Biryogo ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi kuliko mwenzake wa London. Tutatumia viambishi vya mahali, yaani -po, -ko na -mo, kwa kuwa vinatusaidia kutenganisha mambo ambayo maelezo mengi ya kitaalamu huyachanganya.

Saa husikiliza, haiiti

Watu wengi huamini kwamba setilaiti inamwona mkimbiaji kutoka angani na kumfuata. Sivyo ilivyo. Setilaiti za mfumo wa GPS, ambazo huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutangaza tu saa yao na mahali zilipo. Saa ya mkononi hupokea matangazo hayo kama redio inavyopokea taarifa ya habari. Kama vile kituo cha redio kisivyomjua kila anayekisikiliza, setilaiti nayo haimjui mvaaji wa saa.

Hesabu hufanyika mkononi. Mawimbi husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na hufika duniani baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa kupima muda huo, saa hukadiria umbali wake kutoka kwa kila setilaiti. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali, lakini ya nne huhitajika ili kusahihisha saa yenyewe, maana kosa la sehemu moja tu ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Mahali pa wazi, makadirio huwa sahihi kwa kiasi cha mita chache.

Hadi hapo hakuna aliyefuatiliwa. Ufuatiliaji huanza pale saa inapohifadhi nukta hizo moja baada ya nyingine, pengine kila sekunde, kisha kuzipeleka kwenye simu, na simu ikazipeleka kupitia intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza programu. Kutoka hapo zinaweza kuonyeshwa kwa marafiki au kwa dunia nzima. Kila hatua katika safari hiyo ni uamuzi wa mtu fulani, na baadhi ya hatua huweza kuzuiwa na mvaaji mwenyewe.

Viambishi vitatu, vyanzo vitatu

Sarufi yetu hutofautisha mahali mahususi (-po), mahali pasipo dhahiri au pa eneo pana (-ko), na mahali pa ndani (-mo). Ni kweli kwamba katika usemi wa kila siku tofauti hii hulegezwa, na wapo wasemao "yupo wapi?" pale ambapo vitabu vingetaka "yuko wapi?". Hata hivyo, tofauti hiyo inalingana vizuri na vyanzo vya taarifa za mahali.

Kwanza, GPS hutoa -po. "Yupo mbele ya lango lile" ni kauli ambayo saa inaweza kuithibitisha, alimradi mvaaji yuko nje na anga linaonekana.

Pili, minara ya simu hutoa -ko. Simu iliyounganishwa na mnara fulani hutuambia kwamba mwenyewe yuko katika eneo linalohudumiwa na mnara huo. Eneo hilo huweza kuwa la mita mamia kadhaa mjini, au kilomita kadhaa shambani. "Yuko upande wa Nyamirambo" ndiyo kauli inayofaa hapo.

Tatu, -mo ni gumu zaidi. Ndani ya nyumba mawimbi ya setilaiti hudhoofika. Simu hujisaidia kwa kutambua mitambo ya intaneti isiyo na waya iliyo karibu, ambayo mahali pake pamekwisha kuorodheshwa. Ndipo inapoweza kukisia kwamba mtu yumo katika jengo fulani.

Tusisahau kundi la nne: bangili zisizo na GPS kabisa. Hizi hutumia kipima mwendo kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono na kuhesabu hatua. Bangili ya namna hii hujua kwamba mtu ametembea, lakini haijui alikotembea, isipokuwa ikiazima GPS ya simu iliyo mfukoni. Kwa hiyo, anayetaka kuhesabu hatua tu halazimiki kutoa taarifa za mahali.

Jina halihitajiki

Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava ya Marekani, ambayo programu yake hutumiwa na wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia iliyokusanya mazoezi zaidi ya bilioni moja. Njia zilizopitiwa na wengi ziling'aa, na zisizopitiwa zilibaki nyeusi. Majina ya watu hayakuwamo. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, alibainisha kwamba ramani hiyo ilikuwa imefichua kambi za kijeshi. Katika nchi kama Afghanistan, Syria na Djibouti, ambako watumiaji wa programu hiyo walikuwa wachache, askari wa kigeni waliokimbia kuzunguka kambi zao walichora mistari iliyong'aa gizani. Mwezi Agosti 2018 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vifaa vya kutambua mahali katika maeneo ya operesheni za kijeshi. Kampuni nayo ilirekebisha ramani yake ili njia zinazopitiwa na watu wachache mno zisionyeshwe.

Funzo la tukio hilo haliwahusu askari peke yao. Mjini London mstari wa mkimbiaji mmoja humezwa na mistari ya maelfu. Pale ambapo wenye saa hizi ni wachache, mstari mmoja ni mtu mmoja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walionyesha kwamba hata ramani ya jumla isiyo na majina huweza kutumiwa kukisia makazi ya baadhi ya watumiaji, hasa wale wanaofanya mazoezi mara nyingi katika maeneo yenye watumiaji wachache.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu anayeishi Biryogo hukimbia kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Huanzia langoni pake, hupita barabara ya rangi, hupanda kuelekea uwanja wa mpira wa Nyamirambo, kisha hurudi. Baada ya wiki mbili nukta za mwanzo na za mwisho zimerundikana kwenye lango lilelile. Msomaji wa ramani hiyo anajua mwalimu anapoishi, anajua saa ambayo hayumo nyumbani, na anajua njia anayopita peke yake kabla hakujapambazuka. Ikiwa saa haizimwi, anajua pia kwamba kila Ijumaa mchana mwalimu hukaa kwa muda karibu na msikiti. Mwalimu hakuulizwa dini yake. Mahali pamejibu kwa niaba yake. Kama mwalimu huyo ni mwanamke anayekimbia peke yake, uzito wa jambo hili hauhitaji maelezo.

Mahali panapookoa

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kujulikana mahali ulipo ni hatari siku zote. Mfano bora ulipita jirani na Biryogo yenyewe. Tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilipita Mlima Kigali na mwinuko wa mawe ambao wenyeji huuita Kwa Mutwe. Waendeshaji walibebeshwa vifaa vya GPS ili wasimamizi na madaktari wafuate mwendo wao papo hapo na kugundua aliyesimama ghafla au aliyetoka nje ya njia.

Chanzo cha uamuzi huo ni msiba. Tarehe 26 Septemba 2024, katika mashindano kama hayo mjini Zurich, Muriel Furrer wa Uswisi, mwenye umri wa miaka 18, alianguka sehemu yenye msitu na kukaa muda mrefu bila kuonekana. Alifariki siku iliyofuata.

Hata hivyo, hata kifaa cha kuokoa maisha kilizua mgogoro. Mwezi Agosti 2025 timu tano ziliondolewa katika mbio za wanawake za Tour de Romandie baada ya kukataa kuteua mwendeshaji wa kubeba kifaa cha majaribio. Timu hizo hazikupinga usalama. Zilihoji nani achague mbebaji, na nani awajibike.

Tukilinganisha mifano hii miwili, tunaona kwamba kifaa cha mwendesha baiskeli hutumika kwa saa chache za mbio, mwenyewe anajua kwamba anafuatiliwa, na lengo linajulikana. Mstari wa mwalimu wetu hauna mwisho, na hajui nani anausoma. Kwa mantiki hiyo, maswali ya kuuliza juu ya kifaa chochote ni matatu: Nani anaona? Kwa muda gani? Kwa idhini ya nani?

Sheria na istilahi

Nchi zetu zimeanza kuyajibu maswali hayo kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 kwa Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Tanzania hutumia istilahi "taarifa binafsi". Nchini Kenya neno "data" limezoeleka zaidi. Kinyarwanda husema "amakuru bwite", na kwa faragha husema "imibereho bwite". Mwanafunzi wa Kigali ana msingi mzuri wa kuanzia, kwa sababu neno "bwite" tayari linabeba dhana ya kitu kilicho cha mtu mwenyewe.

Kutumia mada hii darasani

Mada hii inafaa kwa somo la ngeli za mahali. Mwalimu anaweza kuchora ramani ya mtaa ubaoni na kuwataka wanafunzi waeleze mahali alipo mkimbiaji kwa kutumia yupo, yuko na yumo, kila mara wakitaja chanzo cha taarifa. Wanaozungumza Kinyarwanda walinganishe: lugha yao hutanguliza "ku" au "mu" kabla ya nomino, ilhali Kiswahili huongeza -ni mwishoni na kuacha upatanisho ubainishe aina ya mahali. Zoezi la pili ni kuandika maagizo mafupi kwa Kiswahili sanifu ya kubadili mipangilio ya saa: kuficha mwanzo na mwisho wa njia, kuzuia wasiojulikana wasione ramani, na kuzima GPS mtu anapohitaji hesabu ya hatua tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba setilaiti haimfuati mtu. Kifaa chake ndicho kinachoandika na kusimulia. Tumeona pia kwamba kukosekana kwa jina hakumfichi mtu pale ambapo wenye vifaa ni wachache. Walimu wanaoongozana na wanafunzi katika Siku Bila Magari wanashauriwa kutenga dakika kumi kabla ya kuanza, ili kila mwenye saa aangalie mipangilio yake na aamue mwenyewe nani amwone alipo.